Asiyependa sambaza ana sababu

Kuna makala inayosema mtu wa Goma, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu, anayekataa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, anajidai tu. Hapana, mwacheni. Sambaza huharibika haraka: wanavuliwa usiku kwa taa, na kufikia saa nne asubuhi wamekaa kwenye beseni sokoni bila barafu, matumbo yanaanza kupasuka. Uchungu unaolalamikiwa unatoka humo tumboni, kwenye nyongo, maana wengi hukaanga bila kutoa kitu. Wakavu walioanikwa chini hubeba mchanga. Waoshe mara tatu kwa maji ya vuguvugu, ukiwainua kwa mkono, usimwage maji nao wakiwa ndani.

Wabichi: bana kichwa, vuta, utumbo unafuata. Wapanguse, chumvi kidogo, mafuta yawe ya moto kweli, kiganja kimoja kwa mara. Ukijaza sufuria mafuta yanapoa, samaki wanalegea. Na mafuta meusi ya jana, jamani, yamwageni!

Akionja hao na bado hataki, mpeni maharagi. Sambaza wenyewe waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Kabla ya hapo watu walikula bugali na mboga nyingine.