El Salvador: jela kubwa au amani ya mtaani?

Vijiwe vya bodaboda hapa Tabora siku hizi vinamsifia sana Nayib Bukele, rais wa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, eti tungepata wa hivyo vibaka wangeisha wiki moja. Nawaelewa. Machi 2022 magenge yaliua watu 87 ndani ya siku tatu, serikali ikatangaza hali ya hatari, wamekamatwa zaidi ya 80,000 na mauaji yakashuka mpaka 114 mwaka 2024, wakati 2015 yalipita 6,000. Mama ntilie kule halipi tena hela kwa genge ili afungue biashara yake, na hilo jamani sio jambo dogo.

Ila Bukele mwenyewe alishakiri kuna kama 8,000 wameachiwa kwa sababu hawakuwa na hatia. Elfu nane! Na hali ya hatari inaongezwa kila mwezi tangu 2022.

Wanaomtetea wanasema mazungumzo na magenge yalijaribiwa yakafeli. Ni kweli, 2012, miaka 20 baada ya mkataba uliomaliza vita ya wenyewe kwa wenyewe kule, iliyoua watu kama 75,000, magenge mawili makubwa, MS-13 na Barrio 18, walikubaliana kusitisha mauaji, yakapungua toka kama 14 kwa siku mpaka 5 hivi. Lakini angalia yalivyofanyika, wakubwa wa magenge walikaa jela wakapanga, wakahamishiwa magereza yenye nafuu, mitaa haikuulizwa na watu wakaendelea kukamuliwa hela kama kawa. Mi naona hapo wananchi hawakuwepo kabisa, sasa unasemaje amani ya mtaani, inayojengwa na wananchi wenyewe, imefeli?

Sisi huku Unyamwezini tuna cha kusema, maana baada ya vita ya Kagera bunduki zilizagaa, wezi wa ng'ombe wakatutesa, mwanzoni mwa miaka ya 80 wanakijiji wakaanzisha sungusungu wenyewe, mwizi anajulikana kwao na anayemkamata anajulikana pia, wizi ukapungua kweli. Alafu sungusungu haohao wakapiga watu na kuna vikongwe waliuawa kwa kuitwa wachawi, hilo tusilifiche.

Kwa hiyo muuaji afungwe, ila kwa kesi. Yule dogo wa miaka 14 anayetumwa kukusanya hela za genge, huyo wazazi, kanisa na majirani wanaweza kumrudisha kama akipewa shule au kazi, na ukimfungia na wauaji hata mimi sijui atatoka nani.