Kengele ya Saa Sita Usiku

Mwaka wa tatu chuoni, mhadhiri wetu, tuliyemwita Daktari, alitugawa makundi ya watu watatu watatu na kutupa kazi ya kuandika asembla kwa C, lugha ya kuandikia programu. Asembla, kwa asiyeijua, ni programu inayochukua maagizo ya mkato kama PAKIA, JUMLISHA na RUKA, ikayageuza kuwa sifuri na moja ambazo mashine inazielewa. Mashine yenyewe haikuwepo. Daktari aliibuni kichwani mwake, ya biti 16, yaani sifuri na moja kumi na sita kwa mkupuo, na rejista nane, vile vikasha vya kushikia namba, kisha akatuandikia programu ya kuiigiza. Kwa hiyo tulikuwa tunatafsiri lugha isiyosemwa na mtu yeyote ili isikilizwe na mashine isiyokuwepo, na tulipewa wiki tano.

Kundi letu lilikuwa na Bosi, aliyepata cheo hicho kwa kuwa ndiye pekee mwenye laptopu inayokaa na chaji umeme ukikatika. Wa pili tulimwita Dada Kamati, maana hakuna kamati chuoni ambayo hakuwa mjumbe wake, kuanzia ya chakula hadi ya send-off za watu asiowajua. Wa tatu ni mimi, nisiye na laptopu wala kamati.

Asembla yetu ilikuwa ya mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza unapita kwenye programu nzima ukiokota lebo, yaani majina ya mahali ndani ya programu, na anwani zake, kwa sababu mtu anaweza kuandika RUKA MWISHO juu kabisa wakati MWISHO wenyewe uko mistari arobaini chini. Mkupuo wa pili ndio unaoandika biti. Bosi akachukua wa kwanza, Dada Kamati akachukua wa pili. Nikauliza, na mimi?

"Wewe andika vile vitu vidogo vidogo," Bosi akasema, bila hata kunitazama.

Vitu vidogo vidogo ndivyo vikazaa faili la zana.c, lililojaa funksheni, yaani vipande vya programu unavyoviita vikufanyie kazi moja: ya kusoma mstari, ya kufyeka nafasi za mwanzo na mwisho, ya kutupa maoni ambayo mwandishi wa programu hujiandikia pembeni, ya kulinganisha maneno bila kujali herufi kubwa na ndogo, ya kugeuza maandishi kuwa namba. Wote wawili wangezitumia. Faili la namna hiyo ni kama ile ndoo ya bafu pale koridoni kwetu hosteli. Kila mtu anaogea, hakuna anayeisugua, na siku ikipasuka ndipo unasikia milango yote inafunguka: "Hii ndoo ya nani?" Ndoo ilikuwa yangu.

Nilijipa moyo kwa hadithi aliyotusimulia Daktari darasani. Mwaka 1949 pale Cambridge, Uingereza, walikuwa na kompyuta iitwayo EDSAC, kubwa kama chumba, na mwanafunzi mmoja wa udaktari, David Wheeler, akaiandikia amri za mwanzo 31 tu. Amri hizo zilisoma herufi kutoka kwenye utepe wa karatasi na kuzigeuza kuwa maagizo ya mashine. Asembla nzima, amri 31! Na zile kazi ambazo kila mtu alizihitaji, kama kutafuta kipeuo cha pili au kuchapa namba, waliziweka kwenye tepe zao kabatini. Ukihitaji moja unaichukua, unainakili kwenye utepe wako, unairudisha. Nikajiona mimi ndiye mlinzi wa kabati. Zana.c yangu wakati huo ilikuwa na mistari mia tisa na ilikuwa bado haijui kugeuza namba.

Balaa la kwanza lilikuja likiwa limevaa nguo za harusi. Usiku wa wiki ya pili tuliunganisha kazi zetu, tukaipa asembla programu ya mistari arobaini, ikamaliza kabla kidole cha Bosi hakijatoka kwenye kitufe. Hakuna kosa hata moja. Bosi alisimama juu ya kitanda. Dada Kamati akasema kasi hiyo tuiandikie ripoti. Tukaenda kula chipsi mayai kwa furaha, tukarudi, na mimi kwa utundu tu nikafungua faili la matokeo nione. Lilikuwa na agizo moja. Mistari arobaini imeingia, limetoka agizo moja. Ndiyo maana ilikuwa na kasi.

Mchawi alikuwa strtok. Hii ni funksheni inayokuja na C yenyewe, kazi yake kukata maandishi vipande. Unaipa maandishi mara ya kwanza, inakupa kipande cha kwanza na kukumbuka ilipoishia. Mara nyingine zote unaipa NULL, neno la C la "hakuna kitu", ambalo kwake maana yake "endelea pale pale". Tatizo ni kwamba ina kumbukumbu moja tu, dunia nzima.

Mfikirie kondakta wa daladala la Gongo la Mboto. Umempa noti ya elfu kumi, amekurudishia elfu mbili, akasema "nyingine inakuja". Kabla haijaja, abiria wa nyuma anampa noti yake, kondakta anahesabu chenji ya yule hadi shilingi ya mwisho. Sasa wewe unamgusa bega: "Chenji yangu?" Anakutazama kwa macho safi kabisa: "Chenji si nimeshamaliza?" Hakuibii. Amekusahau kwa dhati ya moyo wake.

Ndivyo ilivyokuwa. Bosi alikuwa anatumia strtok kukata faili zima mstari kwa mstari. Kila akipata mstari, anaita funksheni yangu ya kuukata maneno, na mimi humo ndani, bila kumwambia mtu, nilikuwa natumia strtok hiyo hiyo. Nikimaliza maneno ya mstari wa kwanza, Bosi anarudi na NULL yake kudai mstari wa pili, anaambiwa hakuna tena. Naye anaondoka kwa amani.

Dawa ipo, inaitwa strtok_r, ambayo kila mteja anashika kumbukumbu yake mwenyewe mkononi. Nilibadilisha upande wangu na upande wa Bosi, agizo moja likawa arobaini, na kasi ikashuka kidogo. Bosi alihuzunikia kasi.

Sasa njoo kwenye namba, hapa ndipo nilipojizika. Bosi alitaka funksheni yangu isome namba kama watu wa kawaida, hesabu za kumi. Dada Kamati, ambaye kutwa alikuwa anatazama biti, alitaka kila kitu kiwe hesabu za kumi na sita, zile za kutumia tarakimu 0 hadi 9 kisha A hadi F. Mimi nilikuwa natumia strtol, funksheni nyingine ya C ya kugeuza maandishi kuwa namba, ambayo unaiambia namba ya mwisho kwenye mabano: 10 ukitaka za kumi, 16 ukitaka za kumi na sita. Asubuhi Bosi anaweka 10. Mchana Dada Kamati anaweka 16. Jioni Bosi anafungua zana.c, anaguna, anarudisha 10. Wakaacha kusalimiana, wakawa wanatumia mimi kama barua.

"Mwambie Bosi wako mashine hainunui nyanya sokoni, isome za kumi za nini," hilo lilikuwa la Dada Kamati kwenda kwa Bosi. La Bosi halifai kuandikwa.

Nikasoma maelezo ya strtol usiku, nikakuta kitu kizuri ajabu: ukiweka 0, inaamua yenyewe. Ikiona 0x mbele, inasoma za kumi na sita. Isipoona, za kumi. Nikaweka 0, nikalala kama msuluhishi aliyepatanisha koo mbili. Asubuhi nikawaambia kila mmoja, kwa faragha, kwamba ameshinda yeye. Salamu zikarudi.

Maelezo yale yalikuwa na sentensi moja zaidi, ambayo nilisinzia kabla sijaifikia.

Siku ya maonyesho Daktari alikuja na programu yake mwenyewe, hajaionyesha mtu. Kengele ya shule. Saa ya ndani inahesabu kutoka 0 hadi 23, na kila ikifika saa iliyomo kwenye orodha, kengele inalia kwenye skrini. Daktari ni mtu wa unadhifu. Hata soksi zake zina pasi. Orodha aliiandika kwa tarakimu tatu tatu ili zijipange sawa: 007, 008, 009, 010, 012.

Bosi akabonyeza kitufe. Saa ikaanza na sifuri. NGRRR! NGRRR!

Darasa likacheka kidogo, kwa heshima. Saa ikaendelea hadi 7, NGRRR. Ikafika 8, NGRRR. Nikapumua. Ikafika 9, kimya. Kumi, NGRRR. Kumi na mbili, saa ya watoto kwenda kula, kimya kama makaburini.

Daktari akavua miwani. "Kengele imelia mara mbili saa sifuri."

Bosi akamtazama Dada Kamati. Dada Kamati akanitazama mimi. Ndoo ya nani?

Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu. "Daktari, shikamoo," nikasema, ingawa tulishaamkiana, "nadhani ni ile tofauti ya saa za Kiswahili na za Kizungu."

"Marahaba. Saa sifuri kwa Kiswahili ni saa ngapi?"

"Saa sita usiku, Daktari."

"Ndipo mnapofungulia shule?"

Hapo darasa lilisahau heshima. Daktari hakucheka, aliendelea kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Tena tofauti ya Kiswahili ni sita kila mara. Yenu hapa ni sifuri, kisha nane, kisha tisa, kisha mbili, kisha mbili. Hizo ni saa za nchi gani?"

Akaomba zana.c. Akashuka nayo polepole, mistari mia tisa, mbele ya watu, akakwama kwenye ile 0 yangu ya usuluhishi.

Sentensi niliyoilalia ilikuwa inasema hivi: namba ikianza na sifuri bila x, strtol inaisoma kwa hesabu za nane. Kwenye hesabu za nane tarakimu ni 0 hadi 7 basi, 8 na 9 hawajazaliwa. Kwa hiyo 007 ikabaki saba. 010 ikawa nane, kwa kuwa ile moja yake inahesabiwa nane moja, ndiyo maana saa 8 ililia nikapumua bure, ilikuwa kengele ya saa 10 imewahi. 012 ikawa kumi. Na 008? Strtol inasoma sifuri, sifuri, inakutana na 8, haimjui huyu mtu, inasimama hapo hapo na kurudisha sifuri. 009 hali kadhalika. Ndio wale wawili waliolia usiku wa manane. Kuna mahali pa kuuliza strtol imeishia wapi, ukigundua kuna tarakimu imeachwa nje unapiga kelele. Mahali hapo nilikuwa nimeweka NULL. Sikutaka kusumbuliwa.

"Nani aliandika hii?" Daktari akauliza.

"Ni faili la wote, Daktari," nikasema. Wenzangu wawili, ambao kwa wiki tatu hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote, wakanyoosha vidole kwangu kwa pamoja.

Wiki iliyofuata karatasi yetu ilirudi. Alama juu yake kwa wino mwekundu: 014, kati ya 20. Hakuna maelezo. Tukakaa chini ya mwembe kubishana kama ni kumi na nne au ni nini. Bosi akatumwa ofisini kuuliza, akarudi ameinamisha kichwa.

"Amesema tutumie zana yetu."

Matokeo yakabandikwa ubaoni Ijumaa. Kumi na mbili.

Tulisimama pale kimya. Kisha Dada Kamati akaguna ule mguno wa mtu anayefungua kikao.

"Mimi nilisema kumi na sita tangu siku ya kwanza. Hebu Bosi, 014 kwa hesabu za kumi na sita ni ngapi?"

Bosi akahesabu kwa vidole. Moja mara kumi na sita, jumlisha nne. Akarudia tena. Kisha akanigeukia, taratibu sana.

"Ishirini," akasema.

Chipsi mayai za siku ile nililipa mimi. Na za wiki iliyofuata.