Sumu hizo zilipandaje milimani?

Ndugu mhariri, makala yenu imeeleza vyema kwamba samaki wa maziwa ya juu katika milima ya Alps na Pyrenees huko Ulaya wamekutwa na DDT, dawa ya kuua wadudu, na PCB, kemikali za viwandani, lakini haikutueleza sumu hizo zilifikaje mahali pasipo kiwanda wala shamba. Kemikali hizi hugeuka mvuke penye joto, zikachukuliwa na upepo, kisha zikifika penye baridi hutua pamoja na theluji na mvua, kama mvuke wa sufuria ya wali unavyogeuka matone chini ya mfuniko. Maji ya huko hayana chakula kingi, kwa hiyo samaki hukua polepole na kuishi miaka mingi, huku sumu ikijikusanya katika mafuta yao. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, makubaliano ya kimataifa kuhusu sumu zinazodumu muda mrefu, ulikusudia kuikomesha PCB, ila DDT uliiruhusu dhidi ya mbu wa malaria, ugonjwa ambao sisi wa Mombasa hatuhitaji kusimuliwa. Ningeomba makala ijayo ifuatilie mafuta ya transfoma kuukuu, maana humo ndimo PCB ilimotumika sana.