Shamba la Mjane, Hati ya Mwalimu

Tuchukue mfano ambao mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa mara mbili. Mzee wa Njoro anafariki akiacha ekari mbili zenye hatimiliki. Mwanawe mmoja, badala ya kufungua mirathi mahakamani, anajihamishia shamba kwa fomu yenye alama ya kidole gumba cha babake, tarehe yake ikiwa miezi minne baada ya mazishi. Kisha anamuuzia mwalimu wa mjini, ambaye anafanya sachi, yaani kupekua rejista ya ardhi, anakuta haina kizuizi, analipa na kujenga. Mjane anaposhtaki, shamba ni la nani?

Wanaomtetea mwalimu wana hoja nzito. Mfumo wa usajili wa ardhi alioanzisha Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858 ulikusudiwa kumwondolea mnunuzi kazi ya kufukua historia ya kila shamba. Wazo hilo limo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, ambayo kifungu chake cha 80 kinakataza rejista kurekebishwa kwa hasara ya mmiliki anayeikalia ardhi aliyoilipia, isipokuwa kama alijua udanganyifu uliofanyika au aliuchangia.

Hata hivyo, kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kina milango miwili ya kuipinga hati. Wa kwanza ni ulaghai ambao mwenye hati mwenyewe alihusika nao, na hapo mwalimu anapita salama. Wa pili ni hati iliyopatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu au kwa njama ya kifisadi, na hapa hakuna sharti kwamba mwenye hati awe ameshiriki. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Eldoret ilikisoma hivyo mwaka 2013. Nayo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management ya Aprili 2023, ilishikilia kwamba hati haimkingi mtu ikiwa chimbuko lake ni bovu. Ingawa kesi hiyo, ambayo siku hizi hutajwa kila mahali, ilihusu ardhi ya umma Mombasa, si urithi wa mtu.

Mimi naegemea upande wa mjane. Hakutia sahihi popote, wala hakuwa na namna ya kujikinga, ilhali mwalimu angeuliza jirani yeyote angeambiwa kaburi la mzee liko wapi. Lakini tusimlaumu kupita kiasi: sachi humwonyesha mwenye jina la sasa na mizigo iliyo juu ya ardhi, haimwonyeshi kidole cha marehemu kilicholala ndani ya faili.

Kifungu cha 81 kinampa fidia kutoka kwa serikali anayeumizwa na marekebisho ya rejista, jambo linaloonekana kuwatosheleza wote wawili. Tatizo ni kwamba kinamnyima aliyechangia hasara yake kwa uzembe. Na kadiri mahakama zinavyomtaka mnunuzi achimbue chimbuko la hati, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa wakili wa serikali kudai kwamba mwalimu, kwa kutosheka na sachi, alizembea.