Maji ya Mombasa Yanalindwa na Nani?

Sisi tunaoishi ughaibuni tumezoea kulalamika kwamba Kenya haina sheria nzuri, lakini katika suala la maji lawama hiyo haina msingi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha, haki ambayo Katiba ya Uholanzi, ninakoishi sasa, haiitaji waziwazi. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa.

Tofauti ninayoiona ni ya madaraka. Uholanzi ina bodi za maji 21, yaani mamlaka za kieneo za kusimamia maji, zenye asili ya karne ya 13, ambazo kwa kawaida mipaka yake hufuata mkondo wa maji, hukusanya kodi zake zenyewe, na wajumbe wake wengi huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Hata mgeni mwenye kibali halali cha ukaazi hupiga kura. Katika kodi ya kusafisha majitaka, anayeishi peke yake hutozwa kipimo 1 cha uchafu, nyumba ya watu wawili au zaidi hutozwa vipimo 3, na kiwanda kikubwa hutozwa kulingana na uchafu unaopimwa.

Mombasa, kisiwani na sehemu zake za bara, haina mto wa kudumu. Maji yetu ya mfereji hutoka chemchemi za Mzima na Marere, na visima vya Tiwi na Baricho, yaani katika kaunti za Taita Taveta, Kwale na Kilifi. Visima vya Baricho viko kando ya Sabaki, ambao ni mto uleule unaoitwa Athi huko juu, na unaopokea Mto Nairobi pamoja na taka zake zote. Kaunti imekabidhiwa usambazaji, ilhali usimamizi wa vyanzo umebaki kwa mamlaka ya kitaifa. Kwa hiyo mkazi wa Kongowea, mtaa wa Mombasa upande wa bara, mfereji wake ukikauka humlaumu gavana, ambaye hana kauli juu ya Mzima wala Sabaki. Mkazi huyo hununua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, au huteka kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, unaopitisha maji upesi, hatua chache kutoka choo cha shimo cha jirani. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia.

Uholanzi si pepo. Wakulima bado wana viti vya kutengewa katika bodi hizo, na mito na mitaro mingi haijafikia viwango ambavyo Umoja wa Ulaya unataka vitimizwe kufikia 2027, sababu mojawapo ikiwa ni mbolea. Lakini mpiga kura anajua amlaumu nani.

Sheria yetu ya Maji ya 2016 tayari inatambua kamati za mabonde ya mito na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Kinachokosekana ni fedha na kura. Ningependekeza sehemu ya bili ya Mombasa itengewe vyama vya huko kwenye vyanzo, na watumiaji wa Mombasa wachague wawakilishi wao katika kamati ya bonde la Athi. Watu wa Taita Taveta, ambao kwa miaka mingi wamedai fidia kwa maji ya Mzima, wawe wa kwanza kufaidika na fedha hizo, kuanzia vijiji ambavyo bomba linavipita bila kuviachia hata mfereji mmoja.