Ukikopa, uliza kwanza rejesho la kwanza ni lini

Mikopo midogo ikizungumzwa, watu hukimbilia riba. Mimi huwa naangalia ratiba ya marejesho, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Mama lishe akipewa laki tatu Jumatatu, kesho yake ameshanunua mchele, maharage, mafuta na gunia la mkaa, na mchana wateja wakishakula ana hela mkononi. Rejesho la kila wiki halimtishi. Kila jioni anatupia kidogo kwenye simu, siku ya kikundi anakwenda kifua mbele. Mwenye genge naye vivyo hivyo: mkopo unamwezesha kubeba tenga zima la nyanya sokoni badala ya kununua kwa sado, na faida yake iko hapo hapo kwenye tofauti ya bei.

Sasa mchukue kijana anayeanza kufuga kuku wa nyama. Vifaranga vinataka wiki tano au sita za kula tu, na wanakula kwelikweli, kabla mteja hajaulizia bei. Afisa mikopo anataka hela wiki ijayo! Kijana atalipa kwa fedha ya chakula cha kuku, kuku wadumae, au akope kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili kuziba rejesho. Akishakwama, mtaa mzima unasema hana nidhamu ya fedha.

Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wawe na leseni, jambo jema. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Naiunga mkono, ingawa kukosa riba peke yake hakumsaidii mtu anayedaiwa kabla hajauza.

Anayeanza kabisa ningemshauri apitie VICOBA, vikundi vya watu wanaoweka akiba na kukopeshana wenyewe. Ananunua hisa kidogo kidogo, na vikundi vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya hisa zake. Wenzake wanajua anafuga, wanaweza kukubaliana alipe akishauza.

Taasisi kubwa zina kompyuta na wataalamu. Kupanga rejesho la mfuga kuku lianze wiki ya saba haliwezi kuwashinda.