Mbwa Koko Hazaliwi Jalalani

Mbwa akimng'ata mtoto mtaani, maneno ni yale yale: mbwa koko wamezidi, wapigwe risasi, wategewe sumu. Wiki moja ya kelele, mizoga inazolewa, na baada ya miezi michache mbwa wamejaa tena, watu wanaulizana wametoka wapi. Wametoka majumbani. Wengi wa hao tunaowaita koko wana mtu anayewatupia makombo jioni na kuwakana asubuhi wakishauma. Na wasio na mtu kabisa, mama yao au bibi yao alikuwa naye.

Kuua hakusaidii kwa sababu kilichowaita bado kipo. Jalala liko wazi, matumbo ya kuku yanatupwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo nafasi ya aliyekufa inachukuliwa na mwingine kutoka mtaa wa pili. Halafu sumu haichagui. Shirika la Afya Duniani linahimiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili kichaa cha mbwa kikose njia ya kupita. Ukiwaua waliochanjwa, umeishusha asilimia hiyo mwenyewe, na wageni wanaoingia hawana kinga.

Tuje nyumbani basi, kwa mbwa jike, maana hapo ndipo pa kuanzia. Jike huingia joto, yaani msimu wake wa kupandwa, kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 6 hadi 12, na baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Joto huchukua kama wiki tatu. Mwenye mbwa akiona sehemu za siri zimevimba na matone ya damu sakafuni, anamfungia. Vizuri. Siku ya tisa au ya kumi damu inapauka, inakuwa kama maji ya nyama, anaona mambo yamekwisha, anafungua geti. Hapo ndipo jike anapoanza kukubali dume! Siku za mwanzo alikuwa akiwafukuza. Hesabu wiki tatu kamili tangu tone la kwanza, na usimfunge uani penye ukuta mfupi, kwa sababu dume akishanusa ataruka au atachimba. Jike mmoja anaweza kupandwa na madume kadhaa katika joto hilo hilo na kuzaa watoto wenye baba tofauti. Baada ya siku 63 hivi unao watoto wanne, watano, pengine wanane. Madume wanaombwa na majirani. Majike wanafungwa kwenye kiroba na kuachwa sokoni usiku. Mbwa koko wa mwaka ujao ndio hao.

Kama huna nia ya kuzalisha, mtoe kizazi. Ni upasuaji wa kawaida kwa daktari wa mifugo, lakini usimpeleke akiwa kwenye joto: mishipa ya damu ya kizazi imejaa na atatoka damu nyingi. Subiri miezi miwili au mitatu. Akirudi nyumbani, kazi yako ni kumzuia asilambe mshono, asiruke wala asioge kwa siku 10 hadi 14. Mishono mingi hufumuka kwa uzembe wa nyumbani. Dume naye ahasiwe, ila mwenye mbwa ajue kwamba mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Sindano za kuzuia joto ni rahisi na watu wanazipenda. Mimi sizipendi, kwani zinaongeza hatari ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa si malezi, nalo niliseme. Mbwa asiyezoea watu hujifunza kuogopa kila kinachopita, na mwoga ndiye anayeuma. Uzio mzima ni bora. Ukilazimika kumfunga, mnyororo uwe na pete inayozunguka usije ukajisokota, maji yawe ndani ya upeo wake, na mkanda wa shingo upitishe vidole viwili. Mtoto wa mbwa aliyevishwa kamba akiwa na miezi miwili, akifika miezi sita kamba hiyo imezama nyamani chini ya manyoya. Kinachokustua ni harufu. Pima vidole kila wiki.

Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza akiwa na miezi mitatu, hurudiwa ndani ya mwaka, kisha kwa ratiba iliyo kwenye kadi. Chanjo inakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyozunguka mfukoni juani huenda imebaki maji matupu, kwa hiyo usione haya kuuliza kiboksi cha barafu kiko wapi. Na kichaa si lazima kije na ukali. Kuna mbwa anayepooza taya, mdomo wazi, mate yanachuruzika, sauti imebadilika. Mwenye mbwa anadhani amekwamwa na mfupa na anatia mkono kooni. Usithubutu.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kwa saa, bila kupaka pilipili wala majani, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze sindano. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe. Afungiwe peke yake, alishwe bila kuguswa, na mtaalamu wa mifugo amwangalie kwa siku 10, huku aliyeumwa akiendelea na sindano bila kungoja. Mbwa mwenye virusi kwenye mate huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, basi siku aliyouma hakuwa akiambukiza, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Akikatwa panga na kuzikwa jioni ile ile, jibu limezikwa naye, na aliyeumwa atazimaliza sindano zote.